Safari ya Meli katika Mediterania: Chagua Bandari Kabla ya Kuchagua Meli

Mwishoni mwa Septemba mwaka jana binti yangu, ambaye anafanya kazi Uholanzi, alinilipia safari ya siku saba kwenye meli ya kitalii katika Bahari ya Mediterania. Nikatoka Mombasa hadi Barcelona nikiwa na viza mpya, dawa zangu za presha, na hofu ndogo ya mtu aliyezaliwa kando ya bahari lakini hajawahi kulala juu yake. Tangu nirudi, jamaa na majirani wameniuliza maswali mengi, na karibu wote huanzia kwenye meli: ilikuwa kubwa kiasi gani, chakula kilikuwaje, bwawa la kuogelea lilikuwepo? Nitayajibu kwa ufupi tu, kwa kuwa ninaona yanaanzia mahali pasipofaa. Meli hizi zinafanana kuliko matangazo yake yanavyodai. Kinachotenganisha safari ya raha na safari ya kujichosha ni bandari: gati liko umbali gani kutoka mjini, na utapata saa ngapi za kukaa nchi kavu kabla ya kuitwa kurudi.

Njia yetu ilikuwa Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia, Palermo na Valletta, kisha siku moja nzima baharini hadi Barcelona tena. Atakayeisoma kwa makini orodha hiyo ataona kwamba Roma haimo, ingawa tangazo lililotuvutia liliandika Roma kwa herufi kubwa na kupamba picha ya Colosseum, ule uwanja wa kale wa Warumi. Roma haina bandari ya meli kubwa. Meli hutia nanga Civitavecchia, ambayo iko takriban kilomita 70 kaskazini-magharibi mwa mji huo. Vivyo hivyo, anayeahidiwa Florence hushushwa Livorno au La Spezia, na safari ya kwenda na kurudi humla nusu ya siku. Athene ina unafuu, kwa maana Piraeus iko karibu nayo na treni ya mjini inafika hapo.

Siku yetu ya Roma ilikwenda hivi. Meli ilifunga gati saa moja asubuhi. Tulipomaliza kupanga foleni ya kushuka, kusubiri basi la bandarini, kutafuta kituo cha treni na kusafiri kwa zaidi ya saa moja, ilikuwa imekaribia saa nne na nusu. Saa nane mchana binti yangu alianza kutazama saa, na saa tisa tulikuwa kituoni tukirudi, kwa kuwa kila abiria alitakiwa awe melini ifikapo saa kumi na mbili jioni. Katika saa nne na ushei hizo niliiona Colosseum kwa nje, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye harusi asiyoalikwa, kisha nikasukumana na umati mbele ya chemchemi ya Trevi hadi nikaacha kuitazama chemchemi nikawa nautazama mkoba wangu.

Mwenye hamu ya kweli ya Roma na atafute safari inayoanzia au kuishia Civitavecchia, ili alale Roma siku mbili au tatu kabla ya kupanda meli au baada ya kushuka. Na ikiwa hana njia ila kwenda na kurudi siku hiyohiyo, basi achague jambo moja tu. Treni nyingi za kutoka Civitavecchia husimama kituo cha San Pietro kabla hazijafika kituo kikuu, na kutoka hapo unakwenda Vatikani kwa miguu. Sisi hatukulijua hilo mpaka tulipokuwa njiani kurudi.

Jioni ile meli ilipoondoka Civitavecchia nilisimama upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, nikiangalia taa za bandari zikififia, na nikakumbuka kwamba meli ya kitalii Costa Concordia iliondoka katika bandari hiyohiyo tarehe 13 Januari 2012, ikagonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio usiku ule ule, na watu 32 wakapoteza maisha. Abiria waliopanda Civitavecchia siku hiyo walikuwa bado hawajafanyiwa zoezi la dharura, na ajali hiyo ni miongoni mwa sababu za kanuni ya leo kwamba zoezi lifanywe kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Nawaomba wanaosafiri wasilidharau. Niliwaona watu wakijipiga picha na majaketi ya kuokolea maisha huku mhudumu akieleza ngazi ipi inaelekea kwenye mashua zipi. Kwenye jengo linaloelea lenye ghorofa zaidi ya kumi na tano, ambamo mimi mwenyewe nilipotea njia ya chumbani kwangu kwa siku tatu za mwanzo, maelezo hayo si mapambo.

Palermo, katika kisiwa cha Sisilia, ilikuwa kinyume kabisa cha Roma. Meli ilifunga gati pembeni mwa mji wenyewe, tukavuka barabara, na baada ya dakika 20 za kutembea polepole tulikuwa katikati ya mitaa ya zamani. Hatukulipa basi wala hatukufuata bendera ya kiongozi wa watalii. Sisilia ilitawaliwa na Waislamu kati ya karne ya 9 na ya 11, kisha Wanormani, Wakristo waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, wakaitwaa, lakini waliwabakiza mafundi na wanazuoni waliowakuta. Ndiyo maana katika ukumbi wa upande wa kusini wa kanisa kuu la Palermo kuna nguzo iliyochongwa aya ya 54 ya Suratul Aaraf kwa Kiarabu. Nilisimama mbele yake kwa muda, nikajaribu kuifuatisha kwa kidole hewani, mpaka binti yangu akanivuta mkono.

Kuna jambo jingine la Palermo ambalo ninashangaa hatukufundishwa shuleni. Mwanajiografia al-Idrisi alifanya kazi katika mji huo chini ya ulinzi wa Mfalme Roger wa Pili wa Sisilia, na katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1154 aliitaja Malindi na akaitaja Mombasa, ijapokuwa yeye mwenyewe hakufika kwetu. Kwa hiyo jina la mji wangu liliandikwa pale, katika baraza la mfalme wa Kikristo aliyemlipa mwanazuoni wa Kiislamu, karibu miaka 350 kabla ya Vasco da Gama kuonekana katika maji yetu. Hakuna aliyetueleza habari hizo melini. Kwenye kijitabu cha matembezi ya kulipia, Palermo ilikuwa ni mji wa "masoko na peremende."

Masoko, hata hivyo, ni ya kweli. Katika soko la Ballarò tulinunua panelle, ambazo ni vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa na kutiwa ndani ya mkate, na baada ya kuonja nilimwambia binti yangu kwamba hizi ni bhajia zilizohamia Ulaya zikakosa pilipili. Kwa wanaochunga chakula halali, vyakula kama hivyo vya nafaka na samaki hurahisisha mambo kuliko meza za melini, ambako nyama ya nguruwe imo katika vyakula ambavyo hukuvitarajia, pamoja na baadhi ya supu na mchuzi wa tambi. Mhudumu mkuu wa chumba cha chakula akiambiwa siku ya kwanza, huandika, na kuanzia hapo wewe unaletewa orodha ya usiku unaofuata uchague mapema. Kibla nacho kina hesabu zake, kwa kuwa meli hugeuka. Tulitazama ramani kwenye runinga ya chumbani inayoonyesha omo, yaani mbele ya meli, imeelekea wapi, tukakisia, tukaswali.

Valletta, mji mkuu wa Malta, nayo humpa abiria kila kitu mlangoni. Kutoka gatini kuna lifti iendayo moja kwa moja hadi bustani ya Upper Barrakka juu ya ngome, ambako mzinga hupigwa saa sita mchana juu ya bandari ambayo kwa uzuri sijaona mfano wake. Mji huo ulianza kujengwa mwaka 1566, baada ya kuzingirwa kwa Malta na Waturuki, na mtu wa Mombasa akiziona kuta zake hawezi kuacha kuifikiria Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Mwitalia. Ni udongo tofauti, lakini fikra za fundi ni zilezile.

Kilichonifurahisha zaidi, lakini, ni lugha. Kimalta kina asili ya Kiarabu ingawa kinaandikwa kwa herufi za Kilatini. Kwenye lango palikuwa na neno merħba, nami nikajikuta nikiitikia "marahaba" kana kwamba nimeamkiwa. Muuza matunda alikuwa akihesabu senti, ħamsin, sittin, sebgħin, na kabla hajafika mwisho nilikuwa nimeshamalizia: themanini, tisini, mia. Alicheka, akaniuliza natoka wapi, na tukapeana maneno kama watoto wanaobadilishana gololi: bahari kwao ni baħar, dunia ni dinja, kitabu ni ktieb, elfu ni elf. Mazungumzo hayo hayakunigharimu kitu, na yasingewezekana kama ningekuwa ndani ya basi la matembezi.

Hapo hapo Valletta pia niliona haya kidogo. Mji wenyewe una wakazi wasiofikia 7,000, na meli yetu peke yake ilikuwa na abiria wa maelfu, nayo haikuwa pekee bandarini siku hiyo. Saa nne asubuhi barabara kuu haikupitika. Naelewa kwa nini Italia ilizipiga marufuku meli kubwa kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko huko Venice kuanzia Agosti 2021, na kwa nini Palma de Mallorca ilikubaliana na makampuni kwamba zisiingie zaidi ya meli tatu kwa siku. Mtu akitaka kuuona mji kabla haujajaa, ashuke miongoni mwa wa kwanza, anywe chai yake huko huko, na arudi melini mchana wakati wengine ndio kwanza wanamaliza kiamshakinywa.

Kuhusu meli yenyewe, nimesema nitakuwa mfupi. Chakula ni kingi kupita haja. Chumba cha ndani kisicho na dirisha kinatosha kwa mtu anayekitumia kulala tu, na kilicho katikati ya meli katika ghorofa za chini huyumba kidogo zaidi. Nilishukuru kwa hilo usiku wa kutoka Malta, upepo ulipochafuka na tangawizi yangu ikaisha. Marseille sikushuka, kwa sababu gati liko kilomita kadhaa kutoka katikati ya mji, na nikagundua kwamba siku ambayo kila mtu ameshuka ndiyo siku ya kulifaidi bwawa. Kadi ya chumbani ndiyo pesa yako humo ndani, kwa hiyo kila soda na kila saa ya intaneti huandikwa kimyakimya. Ada ya huduma nayo huongezwa kwa kila mtu kwa kila siku, hata kama hukuiona kwenye bei ya kwanza.

Siku ya pili tulipokuwa mezani tukizungumza, kijana mmoja aliyekuwa akiondoa sahani alisimama ghafla akasema, "Shikamoo, mama." Alikuwa mtu wa Kilifi, na mkataba wake ulikuwa wa miezi minane. Nilimuuliza kama Roma ni nzuri, kwa kuwa ilikuwa bado mbele yetu, akaniambia kwamba amefika Civitavecchia kila wiki kwa miezi sita na Roma hajaiona. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unataka baharia apate angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na saa hizo zaweza kukatwa vipande viwili. Kipande cha mchana hakimfikishi mtu Roma na kumrudisha. Bakshishi yake nilimpa mkononi.

Kwa wenye pasipoti za Afrika Mashariki, viza ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Ada ya viza ya Schengen, yaani viza ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari ni lazima ifikie angalau euro 30,000. Maombi hupelekwa katika nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, katika nchi utakayoingia kwanza. Kwa hiyo hesabu siku za bandari zako kabla hujachagua ubalozi. Njia yetu ilikuwa ndani ya Schengen yote, lakini meli ikipitia Tunisia au Uturuki utakuwa umetoka na unaingia upya, na viza ya kuingia mara moja haitakutosha. Fika pia siku moja kabla. Ndege yetu ya kuunganisha ilichelewa nusu siku nzima, na lau tusingekuwa na usiku mmoja wa ziada Barcelona, meli ingeondoka bila sisi, kwa maana haimsubiri mtu.

Kuna feri ya usiku inayotoka Napoli na kufika Palermo asubuhi. Nimeshamwambia binti yangu kwamba nikijaliwa kurudi nitapanda hiyo, nikae Palermo siku nne nzima na niirudie ile nguzo bila kuvutwa mkono. Amenijibu kwamba safari hiyo nitajilipia mwenyewe.