Meno 31

Jirani yetu hapa Tandika anakodisha muziki wa harusi. Siku aliyonunua mikisa mpya ya kidijitali, mashine ya kuchanganyia sauti ambayo ndani yake ina kila kitu, akaanza kuuza vyuma vyake vya zamani, na mimi nikawa nimesimama mlangoni kwake hata hajamaliza kuvifuta vumbi. Nikaondoka na ikwalaiza, kile kifaa cha kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba. Siyo ile ya vifungo vitano iliyoko kwenye redio za mezani. Hii ni ya ukumbini: bapa la chuma lenye upana wa inchi 19, pembeni lina masikio ya kulifunga kwenye raki kwa skrubu, na usoni lina safu mbili za vifungo vya kupandisha na kushusha, 31 vya spika ya kushoto na 31 vya spika ya kulia. Jirani anaviita meno. Kila jino na sauti yake. La kwanza ni hezi 20, mngurumo unaousikia tumboni kuliko sikioni. La mwisho ni hezi 20,000, ambayo kwa umri wangu naamini tu kwamba ipo.

"Binadamu ana 32, hii ina 31," akaniambia huku anahesabu noti. "Tena kuna moja limelegea. Hilo la hezi 63 upande wa kushoto, kofia yake huwa inachomoka. Usilichokonoe sana."

Nyumbani tulikuwa na mgeni, mama mkwe, ametoka Tanga kuja kumwona mjukuu. Mama mkwe wangu ni mtu wa redio. Nikasema hapa ndipo mkwe anapojipatia heshima.

Nyuma ya ikwalaiza kuna matundu ya pini tatu, yale ya waya za maiki. Amplifaya yangu ina matundu ya nyekundu na nyeupe. Nikapanda daladala mpaka Kariakoo, nikarudi na waya nne za kuunganishia, ambazo bei yake sikumwambia mke wangu na hapa pia siitaji, maana anasoma.

Amplifaya yenyewe ni ya enzi za kaseti, wati 40 kila upande, na nyuma ina TAPE OUT na TAPE IN. Hiyo niliijua: sauti inatokea OUT, inapita kwenye ikwalaiza, inarudia IN. Nisichokijua ni kwamba mbele kuna kitufe kidogo kilichoandikwa TAPE MONITOR, na kisipobonyezwa, sauti inayorudi kutoka kwenye ikwalaiza haisikiki. Ile ya redio inakwenda moja kwa moja kwenye spika, kama ilivyokuwa inakwenda miaka yote, na ikwalaiza inabaki imewaka taa zake pembeni kama mtu aliyevaa suti kwenye harusi asiyoalikwa.

Nikawasha. Nikapandisha meno ya kushoto kidogo, nikafumba macho. Jamani! Besi ikajaa. Nikagusa ya kulia, mpiga gitaa akasogea hatua mbili mbele. Nikamwita mke wangu, akaja na sufuria mkononi.

"Unasikia?"

"Nasikia nini?"

"Tofauti!"

Akasikiliza. "Mbona ni ile ile?"

Nikamsamehe, si kila mtu kajaliwa sikio. Nikamwita jamaa wa nyumba ya pili, huyu anajua muziki. Akakuna kidevu, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Aisee, sasa mtu unasikia mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi." Mpaka leo sijamuuliza alisikia pumzi ya nani.

Zamu ya mama mkwe. "Shikamoo mama. Naomba usikilize kidogo hapa."

"Marahaba baba. Naam, nasikia. Inapendeza." Aliyasema kwa upole ule ule anaosifia nao chai yangu.

Siku ya pili nikaona bado kuna nafasi ya kuboresha. Kwenye ikwalaiza kuna swichi ya kuchagua jino lipandishe sauti mpaka wapi, desibeli 6 au 12. Nani anachagua 6? Nikaweka 12, kisha nikasukuma meno yote mpaka juu, yote 62, yakanyooka mstari kama askari wa gwaride. Nikakaa kwenye kochi. Inazidi kunoga, nikajisemea.

Hapa kuna jambo nililokuja kulijua baadaye, na inabidi nilitangulize. Mama mkwe ana meno ya bandia. Kila baada ya chakula cha usiku anayatoa, anayatumbukiza kwenye glasi ya maji, na glasi anaiweka juu ya kabati la vyombo, nyuma ya spika, mahali ambapo jicho la mkwe haliwezi kufika. Baada ya hapo anazungumza ameshika upindo wa khanga mdomoni. Miaka minane nimekuwa nikidhani ni haya.

Saa mbili usiku ilikuwa imekaribia. Mama akataka taarifa ya habari, na redio ilikuwa chini.

"Kaa mama, naongeza mimi."

"Kaa tu baba, miguu yangu haijakatika."

Akainama kwenye amplifaya, akatafuta kitufe cha kuongeza sauti. Akabonyeza TAPE MONITOR.

Ngoma ya kufungulia taarifa ya habari ikapigwa. Sijui niieleze vipi. Pigo la kwanza lilikuja kama mtu kadondosha lori juu ya bati. Vikombe vya kabatini, ambavyo havijawahi kunywewa tangu tulipozawadiwa siku ya harusi, vikaanza kucheza kwenye visahani vyao. Kitambaa cha kufuma kikatembea chenyewe kikiwa na televisheni juu yake. Kuku wa jirani, ambao saa hizo huwa wamelala, wakaamka wote na kutoa maoni.

Mtu mwenye akili angepunguza sauti. Mimi nikakimbilia kushusha meno. Meno 62, vidole kumi, na niseme ukweli, viwili kati ya hivyo vilikuwa vimeziba masikio. Nikalifikia lile la 63, kofia ikachomoka, ikaruka sijui wapi, kikabaki kijiti cha chuma chembamba kimesimama kileleni na mimi nakikwaruza kwa kucha. Na spika juu ya kabati inatetemeka, na nyuma yake glasi inasogea, inasogea.

Mke wangu akatokea jikoni anapiga kelele: "Meno! Meno ya mama!"

"Nayashusha!" nikamjibu. "Yako mengi!"

"Yanaanguka!"

"Hayaanguki, limetoka moja tu!"

Glasi ikapasuka sakafuni. Mke wangu akachomoa plagi ukutani. Kukawa kimya, na harufu ya kitu kilichoungua.

Nikapiga magoti kwenye zulia kutafuta ile kofia, napapasa chini ya kochi. Mkono ukashika kitu. Kilikuwa kimelowa, kikubwa kuliko kofia. Tanga huko mkwe humtazami hata usoni sawasawa, na mimi nimeshika tabasamu lake zima kiganjani.

Nikaliweka kwenye kisahani, macho yangu yako darini. Nyuma ya khanga sauti ndogo ikasema, "Afante, baba."

Asubuhi jirani wa muziki akaja na futi kamba. Alicheka mpaka akaomba maji, halafu akapima sebule: upana mita 2.7. "Sasa tazama," akasema. "Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa upana mara mbili, mita 5.4, unapata hezi 63 na kitu. Sebule yako yenyewe inavimba hapo, bila hata kuguswa. Hilo jino ulitakiwa ulishushe, wewe umelipandisha mpaka mwisho." Mwenyewe ukumbini, akasema, hapandishi. Maiki ikianza kupiga filimbi, anatafuta jino linalolia, analishusha hilo peke yake, basi.

"Na desibeli 12 ni nguvu mara 16. Amplifaya kama ilikuwa inatoa wati 5, umeiambia itoe 80. Yenyewe ina 40. Ikishindwa inakatakata mawimbi, na mabaki yote yanakwenda kuiunguza twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba."

Twita mbili. Kariakoo tena. Safari hii mke wangu naye alikuja, na duka lilikuwa lile lile, na muuzaji, Mungu amrehemu angali hai, akaniuliza kama zile waya nne zilinifaa, akataja na bei.

Mama mkwe akaondoka Jumamosi. Tuliambiwa ndivyo ilivyokuwa imepangwa tangu mwanzo.

Baada ya wiki tatu konda wa basi la Tanga akapiga simu, kuna mzigo. Kapu la machungwa ya Muheza, na juu yake kipande cha khanga kilichofungwa fundo. Mke wangu akafungua fundo, ndani mkawa na kofia ndogo nyeusi ya plastiki. Akampigia mama yake, kisha akanipa ujumbe: "Anasema mwambie baba, jino lake lilikuwa kwenye mkoba wangu. Langu alilitunza, na mimi nimelitunza lake."

Nikalibandika kwa gundi kwenye 63, gundi ikakauka, nikalishusha desibeli tatu taratibu kama jirani alivyonielekeza. Nikakaa kwenye kochi, nikafumba macho. Besi ikatulia, ikawa safi, imejipanga, raha tupu. Nikamwita mke wangu aje asikie tofauti.

Akaja, akasikiliza, kisha akainama kutazama kile kitufe. Kilikuwa hakijabonyezwa.