Ipe Hamira Pumzi Kwanza

Napika bia nyumbani hapa Minnesota mwaka wa sita sasa. Mtu akiniuliza anunue nini baada ya sufuria na ndoo, namwambia mtungi mdogo wa oksijeni, ule wa wachomeleaji unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Friji itasubiri.

Wengi wanaona ni mbwembwe. Wanasema ukishapoza maji ya kimea, yale matamu yatakayokuwa bia, ikumbatie ndoo uisukesuke hewa iingie, yametosha. Kwa bia nyepesi ni kweli. Mimi niligeuzwa na stauti, bia nyeusi nzito, niliyoipika kwa ajili ya Krismasi. Siku ya kupika haidromita, kipimo kinachoonyesha sukari iliyomo (maji matupu husoma 1.000), ilisoma 1.095. Nikasukasuka dakika kumi mpaka mgongo ukauma. Wiki tatu baadaye ikasoma 1.038 na hapo ikagoma. Nikaivisha ndoo blanketi, nikakoroga, wapi! Ukionja, midomo inanata kama umekunywa sharubati.

Tatizo ni kwamba kuchemsha saa nzima kunafukuza hewa yote. Na hamira, kabla ya kugeuza sukari kuwa pombe, huzaana kwanza, na kila chembe inahitaji oksijeni ili ijitengenezee mafuta ya utando wake. Ikikosa, watoto wanagawana kidogo alichokuwa nacho mama. Utando unadhoofika, na kileo kikipanda, hamira inalemewa na sukari bado imejaa. Sasa hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 tu. Sukasuka utakavyo, lita moja haitabeba zaidi ya miligramu 8 hivi za oksijeni, na sukari ikizidi inabeba pungufu. Bia kali inataka 10 na zaidi. Kwa mikono hufiki.

Siku hizi nangoja mpaka nyuzi 18, nazamisha jiwe la chuma lenye vitundu visivyoonekana kwa macho, lililofungwa kwenye mpira wa mtungi na ambalo nimekwisha kulichemsha, kisha nafungua koki kidogo kidogo. Vipovu vinapanda vyembamba kama moshi, juu kunatanda povu jeupe. Lita 20 nazipa sekunde 60, stauti 90. Stauti ya mwaka uliofuata, vipimo vilevile, ilishuka hadi 1.024.

Hamira kavu ya pakiti usiisumbue kwa oksijeni, kiwandani imeshalishwa akiba yake. Mtungi ni kwa hamira ya maji, na hasa kwa bia nzito. Na hamira ikishashika kazi, funga koki kabisa. Oksijeni ikiingia bia imeshaiva, utakunywa ladha ya boksi lililolowa.

Tena, mikono yenye mafuta isiguse koki wala mdomo wa mtungi. Oksijeni yenyewe haiwaki, lakini inafanya cheche ndogo kuwa moto mkali. Wangu unakaa kwenye rafu ya gereji, mbali na jiko la gesi, na siuchukui mpaka nimelizima.