Gari Linalosujudu

Muuzaji wa vipuri vya MGB, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, aliniuliza maswali matatu kwenye simu: gari la mwaka gani, la wazi au GT yenye paa, na ekseli ya aina gani. Nikamjibu kwa sauti ya mtu anayepotezewa muda: "MGB ni MGB, bwana. Nitumie springi za nyuma." Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya." Ile "haya" ningeisikiliza vizuri, leo nisingekuwa na kisa.

Langu ni la wazi, la mwaka 1965. Boksi lilipofika nikakuta springi za majani nyeusi, nzito, za kupendeza. Nikazilaza kando ya zile kuukuu zilizolegea kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Urefu ule ule, matundu yale yale. Nikapiga mluzi.

Mluzi ulikatikia kwenye yubolti, zile bolti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Zilizokuja nazo zilikuwa za ekseli ya bomba, ambayo GT imekuwa nayo tangu ilipotoka 1965. Magari ya wazi yaliipata 1967. Langu bado lina ile ya zamani yenye tumbo la mviringo katikati. Nikazisukuma, nikazigonga, nikazitukana. Mwishowe nikaagiza yubolti nyingine, na safari hii maswali yote niliyajibu kwa adabu, kama mtoto wa madrasa.

Sasa, mtu mwenye akili angejiuliza: ikiwa yubolti zilikuwa za GT, springi je? Mimi nilikuwa natafuta spana.

Nikafunga kila kitu, nikashusha jeki. Pua ya gari ikainama, makalio yakabaki juu. Nikajifariji kwamba springi mpya huchukua siku kadhaa kuzoea mzigo. Mzigo upi? GT ina paa la chuma na mlango wa nyuma wenye kioo kikubwa, ndiyo maana springi zake ni ngumu. Langu lina turubai.

Usiku taa zikawa zinamulika hatua chache tu mbele ya bampa, kana kwamba nimeangusha sindano. Mwanangu akalizunguka gari kimya, halafu akauliza, "Baba, mbona linasujudu?"

Shemeji yangu, mtu wa kilo mia na ushee, alikuja kunipa pole, akakaa juu ya buti. Gari likatulia sawa kabisa, kama limetoka kiwandani jana. Nikakimbilia futi, nikapima kushoto na kulia: barabara! Nikamsihi asinyanyuke.

Akasema Jumatatu ana kazi.