Tajiri wa Capri Point hatekwi sebuleni

Wenye viwanda vya samaki, wachambuaji wa pamba na wanunuzi wa dhahabu hapa Mwanza humwaga fedha kwenye ukuta, nyaya za umeme na kamera, kisha kila asubuhi hutoka saa 1:10 kwa gari lile lile. Kwa maoni yangu, fedha hiyo haikuwekwa kwenye hatari yenyewe. Mfanyabiashara bilionea Mohammed Dewji alitekwa Dar es Salaam alfajiri ya Oktoba 11, 2018 alipofika hotelini kufanya mazoezi, bila walinzi. Akapatikana Oktoba 20. Mtekaji anataka kujua utakuwa wapi, saa ngapi.

Mtaa wetu wa Capri Point umeingia ziwani na njia za kutoka ni chache, hivyo kubadilisha njia peke yake hakutoshi. Badilisha muda: leo saa 12:40, kesho saa 1:30.

Pabaya kuliko pote ni getini. Gari limesimama, mbele pamefungwa, nyuma pikipiki moja inatosha kuziba. Dereva apige simu zikiwa zimebaki dakika mbili, wala asipige honi, maana honi huutangazia mtaa mzima. Mlinzi achungulie barabara kabla ya kufungua. Gari lisubiri sambamba na ukuta mpaka geti liwe wazi kabisa; dereva akihisi anafuatwa, apitilize hadi kituo cha polisi. Kwenye foleni aone matairi ya gari la mbele yanapogusa lami. Akisogea zaidi ya hapo, hana pa kukatia kona.

Huyu dereva, pamoja na dada wa kazi, ndio wanaoijua ratiba yako. Walipe kwa wakati na uwasikilize. Mtu aliyecheleweshewa mshahara miezi mitatu ni rahisi kurubuniwa.

Shuleni, wawili tu waandikishwe kumchukua mtoto, tena kwa neno la siri. Hata mjomba akija bila neno hilo, mtoto abaki ofisini kwa mwalimu. Picha za safari zipandishwe mkisharudi.

Kuhusu ugaidi: bomu la ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, Agosti 7, 1998, lililipuliwa ndani ya gari. Maegesho ya wageni yawe mbali na vioo vya ofisi.

Likitokea la kutokea, piga 112, na mtu mmoja tu, mtulivu, ndiye azungumze na watekaji. Aulize swali ambalo mateka pekee analijua jibu lake, aandike kila neno na saa yake, na kama mateka ana kisukari au presha, msemaji huyo awatajie watekaji dawa na kipimo katika simu ya kwanza.