Nani atakaa na mtoto saa nne asubuhi?

Kila shule zinapofungwa kwa dharura nchini Kenya, pendekezo la masomo ya mtandaoni hufufuka. Mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha muhula wa pili hadi Mei 13, na mjadala ukaanza upya. Mzazi wa mtoto wa Gredi ya 1 au ya 2 anayesita huonekana mtu aliyeachwa nyuma na teknolojia. Anaonewa.

Wanaoyatetea masomo hayo wana hoja nzito. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Gredi ya 4 na Darasa la 8 walirudi Oktoba, lakini wenzao wengi wa shule za msingi walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Mtoto wa miaka saba akikaa miezi tisa bila kusomeshwa, husahau hata alichokuwa amekishika. Wapo pia watoto wa kaskazini mashariki ambao walimu wao wamewahi kuondoka kwa kukosa usalama, na wenye maradhi au ulemavu ambao safari ya shule huwashinda. Kwa hao, mwalimu wa kwenye skrini ni afadhali kuliko kukosa mwalimu kabisa.

Lakini tuingie nyumbani. Sensa ya 2019 ilikuta kompyuta, kipakatalishi au kishikwambi katika asilimia 8.8 tu ya kaya. Zenye intaneti zilikuwa asilimia 17.9. Hii ya pili inatia moyo kidogo, mpaka uitazame vizuri. Intaneti ya kaya nyingi ni simu, na simu hiyo ni ya mtu mzima. Ndiyo anayoitiwa kazi, ndiyo M-Pesa yake, kwa hiyo inatoka naye alfajiri. Kaya iliyohesabiwa kuwa na intaneti haina intaneti saa nne asubuhi, mwalimu anapoanza kipindi. Na hata simu ikiachwa, watoto watatu wa gredi tatu wanaingoja, vipindi vikigongana. Redio ilikuwa katika asilimia 56.9 ya kaya, hivyo vipindi vya KICD, taasisi ya kukuza mitaala, kupitia shirika la utangazaji la taifa, KBC, vilikuwa na njia pana kuliko video yoyote. Tatizo ni kwamba redio haimsikii mtoto akisoma. Vile vishikwambi zaidi ya milioni moja ambavyo serikali ilinunulia shule za msingi za umma, vingi vilibaki vimefungiwa shuleni watoto wakiwa nyumbani.

Kuna na bando. Kipindi cha gredi za chini ni dakika 30. Vinne kwa siku ni saa mbili, yaani saa kumi kwa wiki. Video ya kundi hula takriban MB 500 hadi GB 1 kwa saa. Mtoto mmoja basi anataka GB 5 hadi 10 kila wiki, na ana ndugu zake. Mzazi anayeishi kwa vibarua humwingiza mwanawe dakika kumi za mwanzo, kisha humtoa. Kwenye orodha ya mahudhurio, mtoto huyo amehudhuria.

Linalowakera zaidi wazazi ni kusoma kwenyewe. Mwanafunzi wa Gredi ya 1 anajifunza kutofautisha "ng" na "ng'", "dh" na "th", na mwalimu lazima amsikie akikosea, amrekebishe papo hapo. Mtandaoni watoto 40 huzimiwa maikrofoni ili kelele ipungue, na laini ikikwama, sauti kama hizo hupotea mapema. Kamera huonyesha paji la uso. Haionyeshi penseli iliyoshikwa vibaya wala "d" iliyoandikwa "b". Anayeyaona hayo ni aliyeketi kando ya mtoto. Asipokuwapo, kosa hukomaa.

Mfumo wa mseto, nusu ya watoto wakiwa darasani na nusu nyumbani, unaweza kufaa, ila si kwa mwalimu mmoja kuwafundisha wote wakati uleule. Akiitazama simu iliyoegemezwa dirishani, walio mbele yake huanza fujo. Akigeukia ubao, wa nyumbani wanaona mgongo. Heri kugawana siku: kundi moja Jumatatu na Jumatano, la pili Jumanne na Alhamisi, Ijumaa mwalimu asahihishe madaftari. Siku ya nyumbani mtoto apewe karatasi mbili za kazi, pamoja na ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika tatu. Huo hauli hata MB 1, na unaweza kungoja simu irudi jioni. Mzazi naye amrekodi mtoto akisoma mistari mitano, amtumie mwalimu. Kwa watoto 40, dakika moja kila mmoja, hizo ni dakika 40 za kusikiliza tu, na zinapaswa kuandikwa kwenye ratiba ya mwalimu kama kipindi kingine chochote, asiachiwe azitafute usiku.