Skrini ya pili ni ya kusomea

Mtu akitaka kuongeza monita ya pili kwenye kompyuta yake ya mezani, swali la kwanza huwa ukubwa. Inchi ngapi? Iwe ile iliyopinda? Mimi naona hapo ndipo pesa inapoanza kupotea. Kwa kazi nyingi za ofisi zetu, skrini ya pili ni ya kusomea tu. Kazi yenyewe inafanyika kwenye skrini ya kwanza, na ya pembeni inashika karatasi. Ukishakubali hilo, zile monita za mtumba zinazopangwa kwa rundo kwenye maduka ya Kariakoo, ambazo watu wanazipita bila kugeuza shingo, unaanza kuziangalia vingine.

Mchukue mhasibu anayeingiza risiti za mteja kwenye Excel. Risiti ziko kwenye PDF. Namba ya TIN, ile ya mlipakodi, ina tarakimu tisa. Akiwa na skrini moja anafungua risiti, anabeba tarakimu tatu kichwani, anarudi Excel kuziandika, anafuata tatu nyingine. Kabla hajamaliza, mtu anabisha hodi mlangoni na zile tatu za mwisho zimeshayeyuka. Anarudi tena kwenye PDF. Hiyo ni risiti moja, na bado kuna za mwezi mzima. Mwenye skrini mbili anahamisha macho tu, mkono hauondoki kwenye namba. Mfasiri naye hali kadhalika. Na yule dada wa steshenari anayechapa barua ya mteja kutoka kwenye picha iliyopigwa na simu, maandishi ya mkono yamelala upande, nadhani ndiye angefaidika kuliko wote, na ndiye asiyenunuliwa skrini hiyo.

Kama kazi yako ni kujibu barua pepe na kuandika hati moja kwa wakati, achana nayo. Itageuka makazi ya WhatsApp.

Sasa turudi kwenye ukubwa, maana hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7. Monita ya inchi 21.5 ya umbo refu la siku hizi, pana kama televisheni, kimo cha kioo chake ni kama sentimita 27. Ukurasa mzima wa A4 hauingii kwa ukubwa wake halisi. Ama uupunguze, ama uupandishe na kuushusha kwa kipanya. Monita ya zamani ya inchi 19, ile ya umbo la karibu mraba yenye pikseli 1280 kwa 1024, kioo chake kina kimo cha sentimita 30 na ushei. Ukurasa unakaa wote, kuanzia nembo ya juu hadi sahihi ya chini, kama ulivyochapwa. Yaani monita inayodharauliwa kwa uzee inasoma barua ya serikali vizuri kuliko nyingi zilizoichukulia nafasi. Ili upate kimo hicho kwenye umbo la kisasa lazima ufike inchi 24.

Wapo wanaokushauri uigeuze isimame wima. Kwa monita mpya yenye kioo cha IPS, aina ambayo rangi zake hazigeuki ukiitazama kutoka pembeni, sawa. Kwa hizi za zamani usijisumbue. Nyingi zina kioo cha TN, ambacho ukikitazama kutoka chini au juu rangi zinageuka. Ukiisimamisha wima, ule udhaifu wa juu na chini unahamia kushoto na kulia: upande mmoja wa ukurasa unaonekana sawa, mwingine umefifia, na ukisogeza kichwa kidogo vinabadilishana. Iache ilale ilivyotengenezwa.

Kabla ya kwenda dukani, zunguka nyuma ya kompyuta uangalie matundu ya kuchomekea kebo ya monita. Piga picha uende nayo. Kompyuta nyingi za mtumba zinazotoka ofisi za nje, kama Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, zina matundu mawili ya DisplayPort na moja la VGA, na hazina HDMI kabisa. Mtu anafika dukani anaomba kebo ya HDMI kwa sababu ndiyo anayoijua kutoka kwenye televisheni, anauziwa, anarudi nyumbani, haiingii popote. DisplayPort utaitambua kwa umbo: kona moja imekatwa. Kebo inayotoka DisplayPort kwenda HDMI kwa kawaida hufanya kazi upande mmoja tu, DisplayPort ikiwa kwenye kompyuta na HDMI kwenye monita. Ukiigeuza, kompyuta yako ndiyo yenye HDMI na monita ndiyo yenye DisplayPort, kioo kitabaki cheusi, na utaanza kumlaumu fundi bure. Hapo inatakiwa adapta yenye chipu ndani yake, na bei yake ni nyingine.

VGA watu wanaicheka, ile ya vitundu kumi na vitano na skrubu mbili za buluu. Imeanza na IBM mwaka 1987. Lakini kwa monita ya pikseli 1280 kwa 1024 inayosomewa maandishi, inatosha. Herufi zikionekana na kivuli, bonyeza kitufe cha Auto kwenye monita yenyewe, subiri sekunde chache ijipange. Watu wengi wanaishi na kivuli hicho miaka bila kujua kitufe kile ni cha nini.

Jambo jingine la nyuma ya kompyuta: kama umeongezewa kadi ya grafiki, chomeka monita zote mbili kwenye kadi hiyo. Mashine nyingi zikiona kadi zinazima matundu yao ya asili, na kuyawasha mpaka uingie BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kama prosesa ni ya Intel na jina lake linaishia na herufi F, usihangaike kabisa na matundu yale, prosesa yenyewe haina grafiki ndani.

Kwenye Windows kwenyewe hakuna kazi. Shika kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Extend. Ukiacha Duplicate utapata picha ileile mara mbili, na kuna watu wamekaa hivyo wakisema skrini ya pili haina maana. Kisha ingia kwenye mipangilio ya skrini, utaona visanduku viwili vyenye namba. Viburute vikae kama monita zilivyokaa mezani, hata kimo. Kama kisanduku cha pili kiko juu kidogo kuliko uhalisia, mshale wa kipanya utakuwa unagonga ukuta usioonekana kila ukijaribu kuvuka.

Mezani, skrini ya kazi ikae mbele ya kifua chako, na ile ya kusomea pembeni, imegeuzwa kidogo kukuelekea. Ule mtindo wa picha za mitandaoni, monita mbili sawa na mpaka wake katikati ya pua, unakufanya uishi shingo upande kutwa nzima. Ikae kushoto au kulia? Pale ulipokuwa ukiweka karatasi zamani.

Kwenye umeme nina msimamo ambao wengine hawaupendi. UPS ndogo, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, ibebe kompyuta na skrini ya kwanza tu. Hii ya kusomea ichomeke moja kwa moja ukutani, ama kwenye ekstensheni yenye kinga. Monita za zamani zinazotumia taa za mirija zinakula umeme zaidi ya za LED, na umeme ukikatika unahitaji dakika za kuhifadhi kazi, huhitaji kusoma risiti. Ila ujue tabia moja. Monita ya VGA ikizimika, Windows mara nyingi inaendelea kuamini kwamba bado ipo, na chochote kilichokuwa kimefunguka kule kinabaki gizani, pamoja na kile kidirisha kinachokuuliza kama uhifadhi faili au la. UPS inalia, Excel imeganda ikisubiri jibu, na swali lenyewe hulioni. Shika Windows na Shift pamoja, kisha bonyeza mshale wa kushoto au kulia: dirisha ulilo nalo linahamia skrini nyingine. Likigoma, rudi kwenye Windows na P, uchague ile ya juu kabisa, ya skrini moja, na kila kitu kitarudi mbele yako. Zijaribu kabla umeme haujakatika, ukiwa umeizima monita ya pili kwa makusudi.