Kaskazi Niliyoitupa

Sisi tuliolelewa kwenye baraza za Mji Mkongwe hatuogopi mchezo wowote wenye kete. Dhumna nimeijulia Jaws Corner, nikiwatilia wazee kahawa. Kwa hiyo wanafunzi wenzangu hapa Sendai, Japani, waliponialika kucheza majongi, niliona wamejipalia makaa wenyewe.

Majongi ya Kijapani ni watu wanne, kete 136, na masharti mengi kuliko ya posa. Tulichezea chumbani kwa senpai, yaani mwanafunzi aliyetutangulia, miguu yote chini ya kotatsu, ile meza fupi yenye hita na blanketi. Ubao wake ukiugeuza, upande wa pili una kitambaa cha kijani cha kuchezea majongi. Nikajua nimefika kwa wana baraza wenzangu.

Kete nilizozizoea upesi ni za pepo nne. Wao wakizitaja kwa Kijapani, mimi moyoni naitikia kwa Kiunguja: Matlai, Kusi, Umande, Kaskazi.

Kufika saa nane usiku, katika alama 25,000 nilizoanza nazo nilikuwa nimebakiwa na 7,400. Ndipo nikagawiwa takataka tupu. Lakini takataka zenyewe, wallahi, aina kumi mbalimbali! Moyo ukanienda mbio. Kuna mkono unaitwa kokushi musou, shujaa asiye na kifani nchini, nao hujengwa kwa kete zile zile watu wanazokimbilia kuzitupa: moja na tisa za kila kabila katika makabila matatu ya kete zenye namba, pepo nne, na madragoni watatu. Jumla kumi na tatu, kisha mojawapo ipate pacha. Alama 32,000. Wapo wanaocheza miaka na miaka wasiuonje.

Kaskazi nilikuwa nazo mbili. Nikapiga hesabu yangu ya Darajani: zinatakiwa kumi na tatu tofauti, basi moja yatosha. Ya pili nikaitupa mzunguko wa kwanza, tena kwa madaha.

Zilizobaki zikaja moja moja kama wageni wa harusi, hadi zikatimia zote kumi na tatu. Sasa yoyote kati ya hizo ingenifaa. Nikaipiga picha simu ikiwa nusu blanketini, nikairusha kwenye kundi la maami zangu: "Leo Wajapani watanitambua." Unguja ilikuwa saa mbili usiku, baraza imepamba moto.

Jirani yangu wa kushoto akatupa duara moja.

"Ron!" Nilipiga ukelele huo, wa kushinda kwa kete aliyoitupa mwenzio, na, kwa mazoea ya dhumna, nikainuka kuzibwaga kete kwa kishindo. Goti likaipiga kotatsu kwa chini. Chai yote ya kijani ikahamia mapajani kwa senpai. Hakusema neno. Hakuna aliyesema neno. Alijifuta taratibu, akanyoosha kidole, akaigusa kete yangu ya kwanza kabisa kwenye safu ya nilizotupa.

Kaskazi.

Sharti lenyewe linaitwa furiten. Kama katika kete unazozingojea ipo hata moja uliyokwisha kuitupa, huwezi kushinda kwa kete ya mwenzio, iwe ile ile au nyingine. Nami nilikuwa nangojea kumi na tatu zote, Kaskazi ikiwemo! Ningefunga mdomo nikaiokota mwenyewe ukutani, yaani kwenye safu ya kete za kuokota, ningekuwa halali. Kwa kupayuka, nikatozwa faini: 2,000 kwa kila mmoja wa wawili, na 4,000 kwa mgawaji, ambaye ndiye senpai, ambaye ndiye aliyelowa. Nikabaki na 600, za deni.

Yule wa kushoto, sijui ni udadisi au roho mbaya, akaifunua kete iliyofuata ukutani, ile ambayo ningeiokota mimi.

Kusi.

Simu ikalia. Ujumbe wa sauti wa Ami, na nyuma yake dhumna zinagongwa kwelikweli: "Ehe, mwanangu! Wamekutambua?"

Nikamwandikia, "Wamenitambua, Ami," nikavaa koti. Mapatano ya usiku ule yalikuwa anayeshika mkia anunue tambi za wote. Senpai, taulo kiunoni, akaniomba yake iwe na yai.